Sahani ya Odyek

Abalo alikuwa mnene, na hakuna aliyeona haya kumwambia. Asubuhi aliuza odii sokoni Owino, Kampala, ile siagi ya ufuta ambayo watu wa kaskazini hawali mboga bila yake. Saa saba alikuwa chumbani kwake, chini ya kilima cha Kibuli, akisonga ugali wa ulezi. Alipakua sahani mbili. Moja alikula. Ya pili aliifunika na kuiweka mezani, upande wa mlango.

Ndivyo mama yake alivyomfunza kule Kitgum: mume hajarudi, chakula chake hufunikwa. Odyek alikuwa polisi wa doria, akitoka zamu saa nane. Walimzika miaka mitatu iliyopita. Saa nane ikifika, Abalo hufunua sahani ile na kuimaliza, maana chakula hakitupwi.

Helen, nesi wa kliniki, alimpima presha akatikisa kichwa. "Mama, niambie ukweli. Unakula kwa sababu uko na mawazo, ama chakula ni tamu tu?"

"Ni tamu tu, musawo," Abalo akacheka. "Mimi napenda kula. Kila mchana sahani mbili."

Wala hakusema uongo, kwa alivyojua. Aliyewahi kuonja majani yake ya kunde yaliyotiwa odii angemtetea hata mahakamani.

"Basi presha itakuua. Hiyo sahani ya pili, mpe jirani."

Rahisi kusema. Siku nne alipita mlangoni kwa Hortense, fundi cherehani Mkongo wa chumba cha pili, asibishe. Angemwambia nini, njoo ule cha mume wangu? Siku ya tano akamwita. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akajisemea, akafunua sahani ya Odyek.

Hortense alitia tonge moja mdomoni, akatafuta maji. "Mama, mboga iko muzuri. Lakini chumvi ni mingi sana! Weye unakulaka hii kila siku?"

Abalo akaduwaa. Odyek alipenda chumvi kali. Tangu waoane, kabla ya kufunika sahani yake, Abalo huinyunyizia chumvi nyingine juu, bila hata kuutazama mkono wake.

"Unapenda chumvi hivyo?" Hortense akauliza.

"Hapana," akasema polepole. "Mimi chumvi sipendi. Tangu utoto sipendi."

Miaka mitatu alikuwa akila asichokipenda, mpaka tonge la mwisho. Kumbe si chakula; alimtamani Odyek mwenyewe, alivyokuwa akivua buti mlangoni huku akiuliza leo kuna nini.

Akamsogezea Hortense ile sahani nyingine, isiyonyunyiziwa chumvi, wakala pamoja. Saa nane ikapita.

"Kesho njoo tena," akamwambia Hortense alipoinuka. "Ile sahani ya pili ni yako sasa. Sitaweka chumvi."