Pale Kidole Kinapoachilia

Daktari alitaka jibu kutoka kwa baba mwenyewe. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeanza kuoza kuanzia vidoleni kwa sababu ya kisukari, na njia ya kumwokoa ilikuwa kuukata chini ya goti kabla sumu haijapanda. Mama alisema wakate. Baba mdogo, ambaye shamba lake la chai linapakana na letu upande wa bondeni, alisema mtu hazikwi nusu. Daktari aliwasikiliza wote wawili kwa adabu, kisha akasema kwamba mwenye mguu ni mgonjwa, na mgonjwa ana akili zake timamu. Twende nyumbani tukamuulize, turudi Ijumaa.

Lakini baba hakuwa anasema. Kiharusi kilikuwa kimechukua mkono wake wa kulia na ulimi wake. Alisikia, alifuata mazungumzo kwa macho, alisoma Biblia yake ya Kikipsigis ukimshikia ukurasa. Kilichotoka mdomoni kilikuwa sauti moja tu, ileile kwa maji, kwa maumivu na kwa salamu.

Mama ndiye aliyekuwa akitufasiria. "Anasema amechoka." "Anasema muwashukuru wazee wa kanisa kwa maombi." Mimi nilikuwa nimerudi Silibwet na digrii ya kompyuta, bila kazi, na kila mara nilimuuliza amejuaje. Alinijibu kwamba ameishi naye. Sikuridhika. Niliona kwamba mama akiwa chumbani, baba alitaka anachotaka mama. Baba mdogo akija, baba alitaka anachotaka baba mdogo. Mtu aliyekuwa akibishana na karani wa kituo cha kununulia majani mpaka lori linachelewa, sasa alikuwa akikubaliana na kila anayekaa karibu na kitanda.

Kwanza nilijaribu simu. Nilimwekea maneno kwenye kioo ili aguse analotaka, lakini kioo hakikumsikia. Miaka ya kuchuma chai ilikuwa imezikausha na kuzipasua ncha za vidole vyake zikawa ngumu kama gome, na simu haikujua kwamba zile ni ngozi za mtu. Hata ilipokubali, mkono wa kushoto ulitetemeka ukagusa maneno matatu kwa mpigo.

Ndipo nikafikiria kipanya cha kompyuta. Kitufe chake kinabonyea, mtu anakisikia chini ya kidole, na hakijali ngozi. Nilikuwa na laptopu kuukuu niliyoipata kwa fundi mmoja wa Kapsoit. Ilikuwa goigoi kiasi kwamba madirisha yenye picha yalichukua muda mrefu kufunguka, na stima zikipotea betri haikukaa. Kwa hiyo nikaandika programu ya kwenye terminali, ule uso mweusi wa maandishi matupu ambao huwaka haraka na hautaki nguvu nyingi. Katikati ya giza niliweka maneno kwa Kikipsigis, lugha anayoisoma, kila neno ndani ya kisanduku cha mistari. Hapa nitayaandika kwa Kiswahili.

Baba mdogo alinikuta nikifunga waya wa kipanya kwenye ubavu wa kitanda.

"Panya wa ghalani hawatoshi, we msichana, mpaka umletee mgonjwa mwingine kitandani?"

Mabega ya baba yalitikisika. Kicheko chake ndicho kitu pekee ambacho sote tulikisoma sawa.

Terminali haijui kipanya. Ilitengenezwa kwa ajili ya herufi, na ukitaka ikuambie habari za kipanya lazima uiombe, nayo itakuletea habari hizo kwa njia pekee inayoijua, kama herufi. Kitufe kikibonyezwa, inaitumia programu mfuatano mfupi wa alama: kitufe gani, safu ya ngapi, mstari wa ngapi, na mwishoni herufi kubwa M. Kitufe kikiachiliwa, inatuma mfuatano kama huo ukiishia na m ndogo. Ukiiomba zaidi, itakuletea pia kila hatua ya mshale kati ya hizo mbili. Haikuambii mtu amekusudia nini. Inakuambia tu kidole kilishuka wapi na kikainuka wapi.

Programu yangu ya kwanza ilihesabu kubonyeza. Ndivyo wengi hufanya, na mimi, ninayependa kuuliza kila kitu, sikuuliza. Baba alitaka maji, skrini ikasema anaumwa. Alitaka kugeuzwa, skrini ikasema ana njaa. Alinitazama kwa hasira, nami nikafurahi kuiona, kwa kuwa mtu asiyejua anachotaka hakasiriki akipewa kingine.

Nikaacha programu ichapishe kila kitu chini ya skrini, M na m, nikakaa kando yake kumtazama. Alibonyeza popote. Mkono ulihitaji kitu cha kushikilia ili utulie, na kitufe kilikuwa hicho kitu. Akishakishika, aliuburuta mshale polepole, ukitetemeka, ukipita juu ya maneno asiyoyataka, mpaka alikotaka. Hapo alikaa. Kisha akaachilia. Wazee wa kwetu hawakurupuki na jibu. Ukiuliza jambo zito wanakaa nalo kwanza, na anayejibu upesi anaonekana mtoto. Sijui kama ni mkono wake uliokuwa hivyo au ni yeye.

Nikabadilisha kanuni. Kubonyeza kusiwe kitu. Neno liwe pale kidole kinapoachilia.

Kisha nikaipima kanuni hiyo kwa maswali ambayo majibu yake sote tuliyajua. Leo ni Jumapili? Ng'ombe mweusi amezaa? Mimi ni kifungua mimba wako? NDIYO na HAPANA zilibadilishana upande kila swali, ili kama ni mkono tu unaoteleza kushoto, tuujue. Baba mdogo alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Unampima mzee kama mtoto wa nasari."

"Simpimi yeye, baba. Napima mashine."

"Na ukimaliza utapima Mungu."

Baba alijibu kila swali sawasawa, akianzia popote na kuishia panapostahili.

Alhamisi alasiri tukakaa wote wanne. Mama alikuwa amempangusa baba uso na kumvisha sweta safi, kana kwamba tunatoka. Harufu ya mguu ilikuwa imekishinda chumba, ingawa dirisha lilikuwa wazi. Nikaandika swali, nikalisoma kwa sauti ili pasiwe na wa kusema sikulisoma: daktari aukate mguu?

Kabla hajabonyeza, nieleze nilichotaka mimi. Nilitaka akatwe. Nilitaka abaki, hata akiwa kitandani, hata akiwa na mguu mmoja, abaki pale nimkasirishe na aniangalie.

Alibonyeza juu ya NDIYO. Chini ya skrini ikaonekana M, na mimi peke yangu ndani ya kile chumba nilijua maana yake. Kisha mshale ukaanza kusogea. Namba za safu zikawa zinapanda moja moja, zikarudi kidogo, zikapanda tena. Katikati, mahali pasipo na neno, ukasimama. Ulikaa muda mrefu hata mama akaninong'oneza, "Imekwama?" Haikuwa imekwama. Ukaendelea. Ulipofika juu ya HAPANA ukatulia, na kidole kikainuka.

Kama programu ingehesabu kubonyeza kama mwanzoni, skrini ingesema NDIYO, na hakuna ambaye angenibishia. Tungeenda Ijumaa na lile jibu. Nilikaa nikiitazama m ndogo ile. Je, alianza na ndiyo akabadili njiani? Au alianzia popote, kama kawaida yake? Mashine yangu ilinipa kila hatua kati ya pale na pale na haikunipa hilo.

"Inasema nini?" mama akauliza.

"Hapana."

"Umeona vizuri?"

"Nitauliza tena."

Nikageuza maneno upande. Safari hii alibonyeza juu ya HAPANA, akashikilia hapohapo, akaachilia hapohapo. Alikuwa amenirahisishia. Nadhani aliona ninachotafuta.

Mama alifunika mdomo kwa kona ya leso. Baba mdogo, aliyekuwa amepata alichotaka, hakuonyesha kukipata. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaizungusha kofia.

"Muulize kama anajua," akasema.

"Anajua nini, baba?"

"Unajua ninachosema."

"Usiandike hiyo kitu," mama akasema. "Usimwandikie baba yako hiyo kitu."

"Wacha aandike, mama wa watoto. Mimi ndiye nimemjaza haya maneno ya kaburi. Nataka nijue kama ni yangu au ni yake."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine nyumbani kwetu kuuliza swali langu. Nikaandika: usipokatwa, utakufa karibuni, unalijua hilo? Hili sikulisoma kwa sauti, alikuwa anasoma mwenyewe. Alibonyeza juu ya NDIYO, akashikilia, akamtazama ndugu yake badala ya skrini, na akaachilia bila kuangalia.

Ijumaa tulimpeleka. Daktari aliuliza tumelipataje jibu, nikamweleza, akataka kuuliza mwenyewe. Aliandika maswali yake, mengi kuliko yangu, akiyageuza kwa njia ambazo sikuwa nimezifikiria, na baba akamjibu yote. Mwishowe daktari alimshika bega, akatuandikia dawa za maumivu.

Asubuhi iliyofuata kidole cha baba kiliachilia juu ya neno NJE. Tulimtoa nje akiwa kwenye kiti, baba mdogo upande mmoja na mimi upande mwingine, mama akiushika mguu uliofungwa. Wachumaji walikuwa wamefika nusu ya shamba na ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Baba aliwaangalia kwa muda, kisha akaanza kupiga kidole kwenye mkono wa kiti, kwa hasira, macho yake kwenye mstari walioupita bila kuuchuma.

Baba mdogo akawapigia kelele warudi.