Nani Aanze Mbele

Mwaka 2017 timu yetu ya wanawake, Wakongo na Warundi tuliohamia mjini, ilikuwa na washambuliaji wawili na nafasi moja mbele. Mmoja nilikuwa mimi. Mwingine, Jumamosi ile, alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha saluni pale mtaani Joubert Park, kichwa chake mikononi mwangu. Nilikuwa nimefika katikati ya rasta zake, mwanangu amelala mgongoni, kocha akaingia na msaidizi wake. Wakaanza kubishana kuhusu mechi ya kesho kana kwamba sisi wawili ni viti.

"Huyu mdogo ana mbio," alisema kocha.

"Mbio anazo, papa kocha, lakini akifika golini anapiga mawinguni," msaidizi akajibu. "Mama huyu akiupata mpira ndani ya boksi, kipa aanze kusali."

"Mama huyu ana mtoto. Umesahau juzi? Mtoto kalia, yeye katoka uwanjani mpira unachezwa, kaenda kunyonyesha. Hata kubadilishwa hakuomba! Tukafungwa."

Ndiyo, nilitoka. Maziwa yalikuwa yamelowesha jezi, mtoto anapiga kelele mikononi mwa mtu asiyemjua. Lakini bao letu pekee siku ile alifunga nani? Kipa wetu aliachia mpira ukapita katikati ya miguu yake, na hakuna aliyemuuliza habari za watoto wake.

"Kocha," nikasema, "nijibu moja tu. Mpira anaujua nani zaidi, mimi au huyu?"

"Eish, mama, punguza hasira. Mwanamke mwenye mtoto mchanga..."

"Sijakuuliza mtoto. Sema huyu ananizidi mpira, nitakaa benchi kimya. Sema!"

Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele akatoa kichwa asikie vizuri. Chini ya vidole vyangu shingo ya msichana ilikuwa imekakamaa.

"Mimi nataka kuanza, yaya," akasema bila kugeuka; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Usifikiri nitakuachia."

"Sijakuomba uniachie. Nimemuuliza yeye."

Kocha alitazama nje, akatazama viatu vyake.

"Hakuzidi," akasema mwishowe. "Bado."

"Basi?"

"Basi anza wewe. Lakini mtoto akilia?"

"Utambeba. Una mikono miwili na kesho huchezi."

Msaidizi alicheka mpaka akashika ukuta. Kocha hakucheka. Walipotoka, msichana alivua taulo mabegani, akalitupa kitini, naye akatoka. Upande mmoja umesukwa, upande mwingine nywele zimesimama. Sikumwita. Nilifagia sakafu kwa nguvu, na hasira haikushuka. Nafasi nilikuwa nimeipata, lakini ilibidi niivute mdomoni mwa mwanamume mbele ya wateja, na aliyeumia hakuwa yeye.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Alikuwa amerudi, macho mekundu. Akaketi.

"Maliza. Benchi nitakaa, lakini nimesukwa. Na usinivute na hasira zako, kichwa changu si mpira."

Nikachukua kitana.

"Ukikosa bao moja tu," akaongeza, "utaniona nimeinuka napasha misuli."