Kamba Ndani ya Pepeo

Kazini, kwenye maabara ya viumbe wa bahari, walimwita Bi Jiki, na jina likamkaa. Mikono yake ilinuka jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, hata siku za mapumziko, na aliyempa mkono kumsalimia alijipangusa kwa siri kwenye suruali. Yeye aliona, akacheka, akaendelea na yake.

Kazi yenyewe ilikuwa mapepeo ya bahari, yale matumbawe yanayotandaza matawi membamba kama wavu. Kwa macho, mapepeo mawili yanaweza kufanana kama mapacha, kumbe hata si ndugu. Basi Bi Jiki alikata ncha ya tawi, akaitia jiki, nyama ikatoa povu na kuyeyuka, zikabaki chembe ngumu ndogo kuliko mchanga. Kwenye hadubini kila chembe ilikuwa na umbo lake, nyingine kama rungu, nyingine kama kijiti chenye miiba. Kwa chembe hizo mkubwa wake, mama mmoja waliyemwita Daktari, alikuwa anaunga ukoo wa mapepeo: nani alitokana na nani, nani walibaki kwenye mwamba wenye jua, na nani waliteremka gizani wakabadilika mpaka hata ndugu zao wasingewajua.

"Walioshuka hawakupanda tena," Daktari alipenda kusema. Kisha alikumbuka anasema na nani, akajifanya anatafuta miwani.

Maana mume wa Bi Jiki alikuwa mzamiaji wa maabara hiyo hiyo. Alifuata mapepeo kwenye mwamba wa chini, mkondo ukamtenga na mwenzake, boti ikarudi bila yeye. Mwili haukuonekana. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini hapa liliharibika: hawa walisema amekufa, wale wakasema aliibukia ng'ambo na ana mke mwingine, tena mnene. Bi Jiki akabaki si mke, si mjane. Mwanamume mmoja mpole alitaka kumposa, akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka akachoka. Alichokitaka Bi Jiki ni kujua tu. Kujua, basi.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake, msusi wa vikapu vya nailoni. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hawakuwahi kula kwenye nyumba ile. Kila jioni sahani ya mwana ilipakuliwa, ikafunikwa, na ole wake atakayeigusa. Na kila jioni, wakiwa mezani, mlango ulibishwa. Ni upepo, alijiambia Bi Jiki. Alibadilisha bawaba, akaziba nyufa kwa matambara, ukabishwa vilevile. "Huyo," mama mkwe alisema, akaenda kufungua. Nje hapakuwa na mtu, ila harufu ya chumvi, na pwani ilikuwa mbali. Bi Jiki aliogopa. Msimcheke, hata ninyi mngeogopa.

Asubuhi moja yaliletwa mapepeo kutoka mwamba ule wa chini. Safari hii yalitolewa na mashine yenye mkono, kwa kuwa watu walikwishakatazwa kushuka. Moja, jekundu, lilikuwa kubwa mno kwa chupa. Bi Jiki akalikata karibu na shina, penye uvimbe, kama alivyokata mengine mengi. Kisu kikakwama kwenye kitu kigumu chenye kunyumbuka. Akakaza mkono, kikapita. Hakushangaa. Kitu kikilinasa pepeo halikitupi, huota juu yake mpaka kikawa sehemu ya tawi. Akautia uvimbe kwenye jiki aone kilichomo.

Nyama iliyeyuka, ikatoka kamba ya nailoni, njano na buluu, imesukwa.

Msuko ule aliujua. Mama mkwe aliusuka kwa mkono wake ili mwanawe afungie kisu mkononi kisimpotee majini. Kilichomjia Bi Jiki kwanza hakikuwa kilio, kilikuwa nafuu, na nafuu hiyo ikamtia aibu. Daktari alimshika mabega, hakutaja ukoo wala mwamba. "Nenda nayo nyumbani," alisema.

Jioni aliiweka kamba mezani, kando ya sahani iliyofunikwa.

"Mama, imetoka chini. Pepeo lilikuwa limeota juu yake."

Mama mkwe hakulia. Aliivuta kamba kwenye mwanga, akaipapasa kama anavyopapasa kazi yake kabla ya kuiuza.

"Ncha hii niliichoma mimi kwa kiberiti, ona ilivyoganda," alisema. Kisha akaigeuza, na uso wake ukachanua. "Lakini hii imekatwa! Imekatwa kwa kisu, mwanangu! Alinaswa, akaikata, akajitoa. Sikukwambia? Yuko hai!"

Bi Jiki akahisi tena kisu kikikwama, na mkono wake ukikaza. Kukaa kimya kulikuwa rahisi. Angekaa kimya, kesho sahani ingefunikwa, na keshokutwa, mpaka wazeeke wote wawili wakiinukia mlango. Na mbele yake alikuwa mama wa watu, anacheka, na Bi Jiki hakuwahi kumwona akicheka hivyo tangu boti irudi.

"Nimekata mimi, Mama."

"Wewe?"

"Asubuhi hii. Pepeo halikuingia kwenye chupa. Sikujua kuna nini ndani."

"Una hakika ni kisu chako?"

"Ni changu. Nilisikia kikipita."

Mama mkwe alipitisha kidole kwenye ncha ile. Akaivingirisha kamba kiganjani, akafumba mkono. Kisha kwa mkono wa pili akafunua sahani ya mwanawe na kuisukuma taratibu mpaka mbele ya Bi Jiki.

"Kula," alisema, "mjane wa mwanangu."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Bi Jiki akala huku machozi yakimdondokea kwenye chakula, na mama mkwe akakaa akimwangalia.

Mlango ukabishwa. Ukabishwa tena, kwa upole, kama mtu asiyetaka kusumbua. Mama mkwe alikaza ngumi yenye kamba, na safari hii hakuna aliyeinuka.