Uwanja wa Mtoro Haukuwa na Dawa

Mtoro bin Mshamu alikuwa na kanuni moja, nayo hakuilegeza kwa tajiri wala kwa ndugu: hakuna dawa uwanjani. Kabla ya mieleka, kabla ya kucheza kirumbizi kwa fimbo, kabla ya mbio za mitumbwi, kila kijana alivua hirizi zake mbele ya watu, akazitundika mtini, akazama mtoni mpaka utosini. Akitoka hapo Mtoro humpapasa kiunoni na kwapani, kisha huligonga kafi lake kusikia kama mpini una uwazi ndani.

Kazi hiyo aliifanya tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wa kijiji chake cha Mtunda kuanguka bila kuvunjika na kupiga kafi kwa pumzi moja. Tena ndiye aliyekwenda Nyamisati na Mchukwi kupatana siku ya mashindano, mpunga ukishavunwa, na kuwapatanisha waliogombana michezo ikiisha. Wengi walimwona mkali. Alikuwa mkali kweli.

Mwaka mmoja aligonga kafi la Tamimu, mtoto wa dada yake Zamda, nahodha wa mtumbwi wa kwanza. Likalia. Ndani mlikuwa na kipande cha mzizi wa dawa.

"Toka," alisema.

"Mjomba, Nyamisati wote wanazo!"

"Basi nenda kawapigie kafi Nyamisati."

Mtunda walishindwa vibaya, na Zamda hakuja kumsalimu kaka yake mpaka mwezi ulipoandama.

Vikaja vita. Watu walikuwa wamechoka kulima pamba ya akida, msimamizi wa Mdachi, huku mashamba yao yakiota magugu. Kutoka milima ya Umatumbi, ng'ambo ya kusini ya mto, ukaja ujumbe wa maji: ukinywa na kupakwa, risasi ya Mdachi itakuwa maji. Tamimu akaja na kibuyu kidogo shingoni, wenzake nyuma yake.

"Mjomba, tunavuka. Kunywa, twende."

"Pamba nimeichukia kabla yako," Mtoro alisema. "Mdachi apigwe, sina neno. Lakini hayo maji siyanywi. Nimekufundisha ushinde kwa mkono na pumzi. Mtu akikuahidi kwamba hutaumia, huyo hajakufundisha kitu."

"Sema umezeeka! Sema unawaogopa!"

"Njoo tushikane mieleka, uone uzee."

Vijana wakacheka, Tamimu hakucheka. Alivuka na wachache. Waliobaki walibaki kwa ajili ya mwalimu wao, na wengine, tuseme kweli, kwa ajili ya mama zao.

Habari kwamba Mtoro ameyakataa maji ilimfikia akida. Akaifahamu kwa namna yake. Siku aliposikia askari wanashuka mtoni, Mtoro naye akafahamu watataka nini kwake. Aliwaita vijana waliobaki, wakaijaza mitumbwi yote ya mashindano matope, wakaizamisha katika kijito, chini ya mikoko, kisha akawaambia watawanyike na wasirudi mpaka awaite.

Akida alifika na askari, uso umekunjuka kwa furaha.

"Bwana Mtoro! Nimesikia wewe ni mtu wa serikali. Umewakatalia wale wajinga maji yao."

"Niliyakataa."

"Basi lete mitumbwi na wapiga kafi wako. Askari hawa wanavuka leo kwenda Umatumbi."

Mtoro alimtazama askari wa mbele, bunduki begani. Ng'ambo ile alikuwako Tamimu na kibuyu chake.

"Sikuyakataa maji kwa ajili yako, akida. Niliyakataa kwa kanuni yangu. Vijana wangu hawamvushi mtu aendaye kuua ndugu zao."

"Mitumbwi iko wapi?"

Angeweza kusema imeibwa. Wengi wetu tungesema hivyo, tukajisifu kwa ujanja. Yeye alisema, "Ninajua ilipo. Sikwambii."

Walimpiga viboko mbele ya nyumba yake. Akida alipouliza tena, alijibiwa vilevile. Askari mmoja akamvunja mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki, mahali pawili, na nyumba ikachomwa. Akapelekwa kufungwa minyororo. Askari walikaa ukingoni wakingoja mashua kutoka pwani, na katika kungoja kule, Wamatumbi wa ng'ambo walipata nafasi ya kuwaingiza watoto na vyakula mapangoni.

Mtoro alirudi vita vimekwisha, na njaa imewala watu. Tamimu alikuwa hai. Siku aliposikia mjomba amefika, hakumwendea moja kwa moja. Alipita mtoni, akazama mpaka utosini, akaja akichuruzika maji, shingo haina kitu, akasimama mbele yake na mikono juu.

"Nipapase, Mjomba."

"Wenzako wako wapi?"

"Hawakurudi. Waliyaamini maji kuliko nilivyoyaamini mimi. Risasi zilipolia, mimi nililala chini kama ulivyotufundisha kuanguka."

Mtoro akampapasa kiunoni na kwapani, kwa mkono wa kushoto.

"Ingia," alisema, ingawa uwanja wenyewe ulikuwa umeota nyasi.

Mkono wa kulia haukushika kafi tena. Akida alimkataza kukusanya vijana, na Mtunda haikufanya tena mashindano ya mitumbwi Mtoro akiwa hai.