Miaka Tisa Kwenye C

Heri nisimulie mwenyewe, maana habari inayozunguka Butiama inasema nilizimia, na sikuzimia, nilitamani tu. Niliaibika Musoma mbele ya kwaya zaidi ya kumi, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, na mpaka leo nikikumbuka niko shambani nasimamisha jembe nakasirika peke yangu kama mwehu.

Mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya ya kigango chetu. Miaka tisa sasa. Nilijifunza mwenyewe na nilikuwa najisifu hivyo, "sijafundishwa na mtu" (kana kwamba ni sifa). Siri yenyewe ni hii: kinanda chetu kidogo kina kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo wa wimbo, ukikibonyeza unapiga wimbo wowote kwa vibonye vyeupe vilevile, vidole havihami, na anayekusikia anadhani unajua kila kitu. Mimi nilijua ufunguo mmoja tu, C, ule wa vibonye vyeupe vitupu. Vibonye vyeusi kwangu vilikuwa mapambo. Mwalimu Magesa, anayetufundisha kwaya, sijui ameniambia mara ngapi, "Marwa, njoo Jumamosi nikufundishe G na F," nami namjibu, "Mwalimu, si kitufe kipo?" na kwaya inacheka, akina mama wananiita fundi, nami kichwa kinavimba.

Basi ikaja sikukuu ya kwaya Musoma, tukatangaziwa kwamba padri anayesimamia muziki atawasikiliza wapiga vinanda wote na kuchagua mmoja wa kwenda kusoma muziki Mwanza, mwaka mzima, bila kutoa ada. Nafasi moja. Mimi mkulima wa mihogo, shule niliachia kidato cha pili, mlango mwingine wa kusoma sikuwa nao. Nilivyojiamini, nikaanza kuaga watu kabla hata ya kwenda! Mama akanichinjia jogoo, majirani wakaja kula, nikatoa na nasaha.

Jumamosi jioni tulipofika Musoma kila kwaya ilipewa nafasi ya kukijaribu kinanda cha kanisa. Nilifika mpaka mlangoni. Halafu wenzangu wa besi wakaniita twende mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, tukale sato. Mwalimu Magesa akasema, "Kakijaribu kwanza, sato hawatakwisha ziwani." Nikamjibu, "Mwalimu, kinanda ni kinanda." Nikaenda kula sato, na walikuwa watamu, hilo nalo linaniudhi.

Jumapili nikakaa kwenye kile kinanda, kikubwa, cha zamani, vibonye safu mbili na vingine vya mbao chini vya kukanyaga. Wimbo wetu ulikuwa wa G. Nikatafuta kitufe. Juu hakipo, pembeni hakipo, nikainama kuangalia chini (watu walidhani nasali). Mwalimu Magesa ameshanyanyua mikono, kwaya imeshavuta pumzi, nami nikapiga kile ninachokijua, C. Wimbo ukapanda juu mno, Dada Bhoke, soprano wetu wa kutegemewa, akafika sehemu ya juu akatoa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole, akanyamaza. Tukasimamishwa. Nikaanza upya, safari hii kwa C ya chini, besi wakanguruma kama ng'ombe na soprano hawasikiki kabisa. Watu wakaanza kucheka. Mara ya tatu nikaitafuta hiyo G mwenyewe, nikagusa kibonye cheusi, na hakikuwa chenyewe.

Padri akauliza kwa upole, "Mpiga kinanda, kuna shida gani?"

Hapo ningesema sijui, ningeaibika kidogo yakaisha. Badala yake nikachukua kipaza sauti nikasema, "Padri, kinanda chenu kibovu."

Padri hakukasirika, akauliza kama kuna mpiga mwingine wa kukijaribu ili tatizo lionekane. Akasimama Consolata, mpiga kinanda wa kwaya ya Kibara. Huyu Consolata miaka miwili nyuma, kwenye semina ya kwaya Bunda, alinifuata na daftari lake aniulize nyimbo za vibonye vyeusi nazipigaje, nami nikamwonyesha kitufe nikamwambia, "Acha kujitesa, dada." Hakunisikiliza. Nilikuja kuambiwa kwamba alichora vibonye kwenye kipande cha mbao na kuzoeza vidole nyumbani, kila siku, bila sauti. Akakaa, akapitisha vidole kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akasema taratibu, "Padri, ni kizima." Halafu akamgeukia Mwalimu Magesa, "Do ya wimbo huu ni ipi, Mwalimu?" Akaambiwa G. Akapiga, na kwaya yangu ikaimba vizuri kuliko ilivyowahi kuimba na mimi. Mimi nimesimama pembeni namfunulia kurasa. Nafasi ya Mwanza akapewa yeye, na ilikuwa haki yake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaka. Nilimkasirikia padri, nikakikasirikia kinanda, nikamkasirikia na aliyekitengeneza. Mwisho nikawageukia wenzangu ndani ya gari, nikawauliza kwa ukali mbona miaka yote wananiita fundi kama walikuwa wanaona siwezi. Dada Bhoke ndiye aliyenijibu, bila hata kunitazama.

"Tulikuwaga tunajua, kaka. Unabonyezaga, tunaona. Lakini Mwalimu akikuambia ukajifunze unanuna wiki nzima, tunaimba bila kinanda. Tukaona tukuite fundi, yaishe."

Kabla hatujafika nyumbani hasira yote niliyokuwa nawagawia watu ikanirudia mwenyewe.

Siku hizi kila Jumamosi niko kwa Mwalimu Magesa, na anayenitangulia kwenye zamu ni binti wa darasa la nne ambaye F ameshaimaliza. Mimi G imeanza kunikubali, F bado inanitoa jasho. Nafasi nyingine ya Mwanza sijaisikia, na sidhani kama itakuja tena. Nimeapa sitakaa tena mahali kwa sababu tu pananipigia makofi. Na ninyi mnaonisikiliza, mkinisikia napiga vibaya, semeni. Nitanuna, nitawajibu ovyo, labda nitaondoka bila kuaga. Semeni hivyohivyo.