Bi Mafumbo na Mamba wa Plastiki

Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa mlangoni, lakini wenzake pale kliniki walimwita Bi Mafumbo, naye alidhani wanamsifu. Kazi yake ilikuwa kuwatibu watoto kwa michezo. Mtoto anaingia kwenye chumba chenye sanduku la mchanga, wanasesere, rangi na wanyama wa plastiki, anacheza anavyotaka, na yale yaliyomshinda kuyasema kwa mdomo yanatoka kwa mikono. Baadaye mtaalamu huandika maelezo mafupi: mtoto alifanya nini, amebadilika vipi tangu mara iliyopita, na kinachofuata ni nini. Mafupi, jamani. Hapo ndipo Bi Mafumbo na kazi yake walipokosana.

Kwa watoto alikuwa fundi kweli, hilo hakuna aliyemnyima. Alikaa sakafuni na sketi yake nzuri, akapakwa rangi puani na kutulia tuli. Tatizo lilikuwa kalamu. Akiishika tu, kichwa kinavimba. Mtoto akifukia gari mchangani, Bi Mafumbo anaandika kwamba mtoto "anauzika utoto wake uliojeruhiwa". Mtoto akiomba kwenda chooni, eti "anaikimbia kweli inayomkaribia". Kuna mvulana alipiga chafya tu, ikazaa aya nzima. Tena hakungoja mtoto aondoke ndipo aandike. Sentensi tamu ikimjia katikati ya mchezo, anainama hapohapo juu ya karatasi, anaandika, anasoma, anatabasamu, anabadilisha neno moja, anasoma tena. Mtoto naye anaendelea kucheza bila shahidi.

Daktari mkuu, mama mmoja asiyejua kupamba neno hata kwa kulipwa, alishamwambia mara nyingi aandike kwanza alichokiona na kukisikia, maoni yake yaje baadaye, tena yaitwe maoni. Bi Mafumbo aliitikia kwa adabu, akatoka akimhurumia kwa kukosa kipaji.

Ndipo akaletwa Meno. Wanafunzi wenzake ndio waliompachika jina hilo, na hawakumwonea: alikuwa msichana wa darasa la kwanza aliyeuma watu. Aliwauma wenzake, akamuuma mwalimu wa zamu, na siku ya kwanza kliniki, rangi ilipomwagika, akamuuma Bi Mafumbo mkononi mpaka alama ikabaki. Alilelewa na bibi yake, na shule ile ndiyo pekee ya karibu iliyokubali kumpokea katikati ya mwaka. Sasa mwalimu mkuu alikuwa amemsimamisha na kukata shauri: kliniki ionyeshe kwamba mtoto anabadilika, la sivyo atoke. Bibi alitoa ruhusa maelezo yapelekwe shuleni, akarudi nyumbani kungoja roho mkononi.

Katika kikao cha mwisho kabla ya uamuzi, Meno alichukua mamba wa plastiki na mwanasesere mwenye miwani. Huyu ni mwalimu, akasema. Mamba akammeza mwalimu, miwani na yote. Bi Mafumbo moyo ukamruka kwa furaha. Akainamia karatasi: "Katika taya za mamba tunausikia uadui mkuu wa mtoto dhidi ya mamlaka, njaa ya kale isiyojua kushiba." Alihangaika sana na hilo neno "kale". Akalifuta, akaandika "kongwe", akalifuta na hilo, akarudi kwenye "kale". Alipoinua kichwa, Meno alikuwa anavaa viatu.

Siku ya mkutano mwalimu mkuu alikuja na suti na faili. Bibi alikaa karibu na mlango, mkoba magotini. Meno aliachwa nje kwenye viti vya kusubiria. Mwalimu mkuu akasafisha koo, akasoma polepole kama anayesoma hukumu. Uadui mkuu. Njaa isiyojua kushiba.

"Haya si maneno yangu," akasema. "Ni ya mtaalamu wenu. Mimi madarasa yangu yamejaa watoto, Daktari. Niweke humo mtoto ambaye nyinyi wenyewe mmeandika hashibi?"

Bi Mafumbo uso ulimshuka. Hakuwahi kusikia maandishi yake yakisomwa na mtu asiyeyapenda. Akaanza kueleza kwamba ile ilikuwa lugha ya picha. Mwalimu mkuu akasema kule shuleni waliumwa kwa meno, si kwa picha.

"Dada," daktari mkuu akamgeukia, "mamba alipommeza mwalimu, ikawaje?"

Bi Mafumbo alichemsha bongo. Sentensi yake aliikumbuka neno kwa neno, hata mkato wake. Lakini mamba? Kwa mbali alikumbuka sauti ya maji kwenye beseni, na kipande cha bandeji alichokiokota baadaye. Huenda mamba alimtema mwalimu, mwalimu akaoshwa na kufungwa bandeji. Huenda pia Meno alikuwa ananawa tu. Angesema lile la kwanza, nani angembishia?

"Sijui," akasema. "Nilikuwa naandika."

Bibi alimtazama kama anayemtazama mwizi aliyemkuta na mali yake. Mwalimu mkuu akaanza kufunga faili. Daktari mkuu akawahi kuomba kikao kimoja zaidi, na mwalimu mkuu akakubali shingo upande, maana bibi alikuwa ameanza kulia na yeye hakupenda kuonekana mtu wa kuwaliza wazee.

Safari hii Bi Mafumbo aliacha kalamu nje ya chumba. Aliandika mtoto alipokwisha kuondoka, na maelezo yenyewe yalikuwa haya:

"Kopo la rangi lilimwagikia picha ya mtoto. Alipiga kelele, akanishika mkono, akaupeleka mdomoni. Hakuuma. Aliuachia, akauma mto, akasema, 'Nimekasirika.' Alilia kidogo, akaomba karatasi nyingine. Kikao cha kwanza rangi ilipomwagika aliniuma papo hapo. Maoni yangu: anaanza kujizuia. Kinachofuata: mwalimu wake aweke kitambaa cha kuuma darasani, na amkumbushe kusema kwamba amekasirika."

Akayasoma, akaona haya. Karani wa mapokezi angeweza kuandika hivi! Rangi ilikuwa nyekundu, na vidole vilimwasha kuandika "damu". Akajikaza.

Katika mkutano wa pili mwalimu mkuu aliyasoma mara mbili akitafuta pa kushika. Akauliza uadui dhidi ya mamlaka umekwenda wapi. Daktari mkuu akamjibu kwamba chumbani haukuonekana. Basi mtoto abaki, akasema mwalimu mkuu, na kitambaa chake, mpaka muhula uishe, halafu tutaona. Ile karatasi ya mamba hakuirudisha. Alisema ataitunza, kwa kuwa imeandikwa vizuri sana.

Bibi hakuinuka.

"Mwanangu, mimi sijaelewa," akamwambia Bi Mafumbo. "Anarudi shule au harudi?"

Bi Mafumbo akafungua mdomo. Safari ndefu, mbegu ya matumaini, daraja jembamba kati ya jana na kesho, vyote vilikuwa vimejipanga kwenye ulimi.

"Anarudi, Mama. Jumatatu."

"Kumbe unajua kuongea kama watu wengine," bibi akasema, akachukua mkoba wake, akatoka kumwita mjukuu wake.