Mikono ya Mgumba Kwenye Maji ya Ubatizo

Ulikuwa mwaka ule mapanki yalipoingia kwenye masufuria ya mtaa wetu wa Igogo. Kabla ya hapo, mtu akikuona unanunua mifupa ya samaki alijua una mbwa nyumbani. Ghafla viwanda vya minofu vikaota kando ya ziwa, sangara akachunwa, nyama yake ikapanda ndege kule Ilemela ikaenda kwa Wazungu, sisi tukabakiziwa kichwa na uti wa mgongo, ndiyo mapanki hayo. Tukavikausha, tukavikaanga, tukanyonya mpaka macho. Na ni matamu, asikudanganye mtu! Mimi nilikuwa mkaangaji, na karai langu halikuwahi kupoa.

Wajukuu wangu wakiniuliza, "Bibi, mama yetu ulimpata mwaka gani?" nawajibu: mwaka wa mapanki. Halafu nacheka, maana tumbo langu halijabeba mtoto hata mmoja. Lakini sisemi uongo, na nitaeleza.

Majuto ya kutozaa, watu wanadhani yanakaa moyoni. Ya kwangu yalikaa kwenye kamba ya nguo. Kamba ya jirani ilijaa winda, vigauni na kaptula zilizochanika matakoni. Yangu ilikuwa na mashati ya mume wangu na kanga zangu, basi. Kila aliyepita alitazama pale akajua habari zangu zote. Nilizilaumu dawa nilizokunywa, nikazilaumu na zile nilizokataa kunywa. Mume wangu alikuwa mtu mwema, hakunifukuza. Lakini wema wake nao uliniuma, kwa sababu sikuwa na wa kugombana naye. Nikagombana na Mungu. Nilikuwa napanda juu ya mawe nyuma ya nyumba nikamsema wazi: Umewapa hata wasiotaka! Kwenye jumuiya yetu, wenzangu waliombea watoto wao mitihani na surua, mimi nikashika rozari nimenuna.

Kwenye karai nilikaanga pamoja na mwanamke mmoja, mdogo kwangu sana, mpole, aliyekuwa na mtoto wa kike mchanga mgongoni. Siku moja mafuta yanachemka, akasema huku anageuza vichwa vya samaki:

"Dada, huyu tunambatiza. Mama yake wa ubatizo ni wewe."

"Nani?"

"Wewe. Kuna mwingine hapa?"

Jamani! Niliruka, kijiko cha kukaangia kikaenda upande, mafuta yakaruka kwenye kanga, wateja wakapiga kelele. Sikusikia moto wala nini. Nilipiga vigelegele pale pale sokoni, mikono imejaa magamba, mpaka muuza nyanya akauliza nani ameolewa.

Nikaenda kwenye mafundisho kwa katekista. Nilikaa mbele kabisa, mimi niliyeacha shule nikiwa sijamaliza kujifunza kusoma. Nikamuuliza mbele za watu, "Mwalimu, hata asiyezaa anaweza?"

Akanitazama. "Mtoto wa Kikristo anazaliwa mara mbili, mama. Ile ya kwanza haikuwa zamu yako. Hii ya pili ni yako. Usichelewe."

Nilirudi nyumbani natembea kama nimekunywa pombe. Nilipanda kwenye mawe yangu, nikafungua mdomo nimseme Mungu kama kawaida, yakatoka mengine. Nikamwambia asante tu. Asante ile ilinishangaza mwenyewe, ilikuwa kama kutua ndoo niliyosahau kwamba iko kichwani.

Gauni nililipata kwenye mitumba. Jeupe pee, lina lesi mpaka miguuni, vifungo vinang'aa. Kubwa! Mtoto angeweza kupotelea humo ndani. Nikalifua, nikalipiga pasi ya mkaa, nikalitundika kwenye kamba yangu, katikati kabisa, watu wapite waone. Mume wangu akauliza, "Sasa umepata mtoto au umepata gauni?" Nikamwambia anyamaze, aende akanunue mshumaa.

Jumamosi, kesho yake ndiyo ubatizo, akafika mama mkwe wa mwenzangu kwa kivuko kutoka ng'ambo. Aliambatana na mwanamke mmoja mnene wa kijijini kwao, mama wa watoto tisa. Nilipiga goti.

"Shikamoo, mama."

Akatazama ziwa. Marahaba yake nikaikosa.

Akamgeukia mkwewe. "Mtoto hashikwi kwenye maji na mgumba. Anayemshika humwachia kitu chake. Huyu ana nini cha kumwachia? Ukavu! Unataka na mjukuu wangu akauke? Nimekuja na mtu aliyezaa."

Mwenzangu akainama, akakaza kanga ya mtoto mgongoni. Utamjibuje mama mkwe? Yule mama wa watoto tisa akanisogelea, akaninong'oneza, "Mdogo wangu, mimi watoto nimewachoka. Nimeambiwa kutakuwa na wali."

Ningecheka, lakini sikuweza. Kwa sababu, nisikufiche, niliogopa. Je, kama ni kweli? Je, kama nitamharibia mtoto wa watu?

Jumapili nikawahi kanisani kabla ya wanakwaya. Nikapiga magoti karibu na kisima cha ubatizo, nikaongea na Mungu kama mtu na mtu. Nikasema: Kama ukavu wangu unaambukiza, nizuie hapa hapa, nianguke, nivunjike mguu. Kama hauambukizi, basi nipe shingo ngumu. Nikangoja. Sikuanguka. Mguu ulikuwa mzima. Nje ndege wa ziwani walikuwa wanapiga makelele, na ndani yangu kukatulia, kutulia kwa ajabu, halafu furaha ikanijaa mpaka nikataka kucheza peke yangu. Nilijua nimejibiwa. Si kwamba nitazaa. Hilo sikuliomba tena. Nilijua tu kwamba sikulaaniwa.

Kanisa likajaa. Tulipoitwa mbele, mama mkwe akaja naye, anamvuta yule mnene kwa mkono. Mwenzangu alikuwa amembeba mtoto, gauni linaburuta. Padri akauliza nani anamshika mtoto huyu. Basi yule mpole, yule asiyejua kumjibu mtu, akapita mbele ya mama mkwe wake, akaniwekea mtoto mikononi, akarudi nyuma.

Alikuwa mzito! Wa moto! Akanishika kidole akakibana.

"Mpe aliyezaa," mama mkwe akasema, amenyoosha mikono.

Nikasema, "Simtoi mikononi. Hata ukiniita mgumba mpaka jioni, simtoi mikononi."

Kwaya ikasahau kuimba. Mama wa watoto tisa akaenda zake kukaa kwenye benchi. Padri alikuwa ameshainua chombo cha maji.

"Wewe mwanamke, umenisikia? Nimesema mpe aliyezaa!"

Nilimsikia vizuri sana. Nikamsogeza mtoto kwenye maji, nikamjibu:

"Simtoi mikononi. Hata ukiniita mgumba mpaka jioni, simtoi mikononi."